Shekhar Mehta

Chandrashekhar Mehta, maarufu kama Shekhar Mehta (20 Juni 1945 – 12 Aprili 2006), alikuwa dereva wa mbio za magari mzaliwa wa Uganda aliyeiwakilisha Kenya. Anajulikana hasa kwa kushinda Safari Rally mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna dereva mwingine aliyeshinda mbio hizo mara nne mfululizo. Baada ya kuacha kuendesha alikuwa kiongozi katika Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA).

Maisha ya awali

Mehta alizaliwa Uganda katika familia yenye asili ya Uhindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari la BMW. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Familia ya Mehta ilihamia Kenya, na tangu hapo yeye alihesabiwa kuwa dereva wa Kenya. Mke wake, Yvonne, alikuwa pia mwanamichezo wa magari na mara nyingi alikaa kando yake kama mwelekezi.

Mbio alizozikuta

Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Chanzo chake kinasimuliwa hivi: Eric Cecil, mpenzi wa magari wa Nairobi, alialikwa kushindana katika uwanja wa mbio wa Langa Langa nchini Kenya. Alikataa kwa sababu aliona kuzunguka mahali pamoja kunachosha. Alitaka mbio ambazo dereva anafunga mlango wa gari, anavuka nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika wa kwanza ndiye mshindi. Jina la uwanja ule halikupotea: hadi leo vyombo vya habari vya Kiswahili huziita mbio za Formula One "langalanga".

Kwa miaka ishirini hivi Safari ilivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania). Njia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 5,000, mara nyingine zaidi, nayo ilikuwa barabara ya watu wote. Dereva aliyeshika nafasi ya kwanza angeweza kukuta mbele yake lori la mkonge, basi la abiria au kundi la ng'ombe. Hesabu ilikuwa rahisi: kila kituo kilikuwa na muda wake, na aliyechelewa alipewa adhabu kwa dakika. Mwenye adhabu chache kuliko wote alishinda.

Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza, na jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa upande wa Tanzania. Mwaka 1972 Safari ilianzia na kumalizikia Dar es Salaam. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hana budi kupita eneo la Handeni na Korogwe, ama kwa barabara ya zamani ya kutoka Morogoro kupitia Turiani na Handeni, ama kwa ile ya Chalinze na Segera. Handeni ni nchi ya udongo mwekundu: kukiwa na jua, vumbi linamziba macho dereva wa nyuma, ikinyesha mvua, barabara inateleza kama sabuni. Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, na kutoka hapo barabara inafuata mguu wa milima hadi Mombo na Same. Katika mazingira kama hayo gari lenye mwendo mkali halikuwa na faida kubwa kama halikuwa na chasi imara, na dereva mwenye haraka alishindwa na yule aliyejua kulitunza gari. Mehta alijifunza kazi yake katika Safari ya namna hiyo.

Ushindi

Mwaka 1971 alimaliza wa pili kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 1973, akiwa na mwelekezi Lofty Drews, tena kwa 240Z. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa Rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Mehta na Harry Källström wa Uswidi, aliyekuwa pia na Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ushindi ulikwenda kwa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu yoyote.

Baada ya hapo Safari ilibaki ndani ya Kenya peke yake. Vijiji vya Tanzania vilivyozoea kusimama kando ya barabara kila Pasaka havikuyaona tena magari hayo.

Kuanzia 1979 Mehta alishinda mara nne akiwa na mwelekezi Mike Doughty katika Datsun 160J na Violet. Yalikuwa magari madogo yenye injini ya silinda nne. Mwaka 1979 aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola katika Mercedes-Benz 450 SLC yenye injini ya silinda nane na lita tano. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia. Mehta mwenyewe alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia mwaka 1981. Hii ni nafasi ya juu kwa mtu ambaye sifa yake ilitokana na mbio moja.

Ajali na uongozi

Mwaka 1987, akiendesha Peugeot 205 T16 katika mbio za jangwani za Pharaons nchini Misri, alipata ajali mbaya na kuumia vibaya. Ajali hiyo ilimaliza maisha yake ya udereva.

Mwaka 1997 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Rali ya FIA. Kipindi hicho rali za dunia zilikuwa zikibadilika. Njia zilifupishwa, barabara zilifungwa kwa magari mengine, na magari yalirudi kwenye kituo kimoja cha mafundi, jambo linalorahisisha kazi ya televisheni. Kwa namna fulani rali ilisogea karibu na langalanga, ambako mbio nzima ni kilomita 305 hivi katika njia ile ile na huisha ndani ya saa mbili. Safari ndiyo iliyoachana na desturi ya zamani kwa kuchelewa kuliko zote. Kwa sababu ya matatizo ya fedha na maandalizi, ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Hivyo bingwa mkubwa kuliko wote wa Safari ya zamani alikuwa kiongozi wa rali duniani wakati Safari inaondoka.

Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Baada yake

Wapenzi wa magari wa Afrika ya Mashariki bado wanabishana kuhusu ipi ni Safari ya kweli. Wanaopenda mpya husema magari ya sasa yana kasi isiyolinganishwa, na usalama wa madereva na watazamaji ni bora zaidi. Hoja hii ni nzito, kwani barabara iliyoachwa wazi ilikuwa hatari kwa kila aliyekuwa juu yake. Wanaopenda ya zamani hujibu kuwa kasi ya kilomita chache haipimi kitu kile kile kama usiku mzima wa matope.

Kila upande sasa una mashindano yake. Tangu 2003 yapo mashindano ya East African Safari Classic kwa magari ya zamani, ambayo yamepita Kenya na Tanzania. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne, aliyashinda mwaka 2007 na 2011. Magari ya Datsun ya aina aliyoendesha Mehta mwaka 1973 bado huonekana humo. Safari Rally nayo ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, katika barabara zilizofungwa za eneo la Naivasha.