Mkono wa kushoto wa Sajini Takács

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii aghalabu husikika kando ya vitanda vya hospitali, ikitamkwa kwa sauti ya chini na mtu ambaye hana jingine la kusema. Leo ningependa kuitamka kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ninayekusudia kumzungumzia aliishi karibu miaka 38 baada ya mkasa ambao wengi walidhani umekata habari zake.

Huyu ni Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria na mlenga shabaha kwa bastola. Jina lake si geni kwa walimu wa michezo. Hutajwa mara kwa mara katika gwaride la asubuhi: alipoteza mkono wa kulia, akajifunza kulenga kwa wa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Wanafunzi hupiga makofi, kengele ikalia, kila mmoja akashika njia ya darasani. Lalama yangu ni kwamba hadithi ikisimuliwa hivyo hugeuka muujiza, na hakuna mwanafunzi awezaye kufanya zoezi la muujiza. Yenye manufaa ni yale ambayo msimulizi huyaruka akiharakisha kufika kwenye nishani.

Takács alizaliwa mjini Budapest tarehe 21 Januari 1910. Aliingia jeshini akiwa kijana, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa walengaji bora wa bastola duniani. Hata hivyo, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Berlin mwaka 1936, hakuchaguliwa. Sababu haikuwa shabaha yake. Takács alikuwa sajini, na kanuni ya Hungaria wakati huo iliwaruhusu maafisa wenye kamisheni peke yao kuiwakilisha nchi katika mchezo huo. Mbao za kulengwa hazikujua cheo cha mtu, lakini waliochagua timu walikijua. Ninawaomba walimu wasilipite jambo hili haraka, maana kabla ya guruneti kumjeruhi Takács, alikuwa amekwisha kujeruhiwa na karatasi. Baada ya Berlin kanuni hiyo iliondolewa, naye akaanza kuitazamia michezo ya mwaka 1940.

Inafaa nieleze mchezo wenyewe, kwa kuwa si wengi miongoni mwetu waliopata kuuona. Mshindani husimama mita 25 kutoka kwa mbao tano zilizopangwa kwa safu. Mbao hizo humgeuzia ubavu, naye husubiri huku mkono wenye bastola ameunyoosha akiuelekeza chini mshazari. Ghafla mbao zote hugeuka zikamtazama. Hapo ainue mkono na kufyatua risasi tano, moja kwa kila ubao, kabla mbao hazijageuka tena. Kwanza hupewa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Jumla ya risasi ni 60 na alama za juu kabisa ni 600. Tena, bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu, bila kuegemezwa popote. Mkono wa pili hauna kazi; wengine huutia mfukoni au hushikilia mshipi.

Mwaka 1938, katika mafunzo ya kijeshi, guruneti lililokuwa na kasoro lilimlipukia Takács mkononi. Mkono uliosagika ni ule wa kulia, ule ule uliokuwa umefunzwa kazi kwa miaka. Alilazwa hospitalini muda wa mwezi mmoja. Alipotoka alianza kufanya mazoezi kwa mkono wa kushoto, wala hakumtangazia mtu.

Hapa ndipo wasimulizi huruka, nami ndipo nitakapokaa. Tunaposema kuwa alihamia mkono wa kushoto, twafanya kama mtu aliyehamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. La hasha! Mpini wa bastola ya mashindano huwa ni wa mbao, nao huchongwa ufuate kiganja cha mwenyewe: hapa pana bonde la kidole gumba, pale pana kitako cha kuegemeza ukingo wa kiganja. Mpini uliochongwa kwa mkono wa kulia ukishikwa kwa wa kushoto humsukuma mtu badala ya kumpokea, hivyo hauna budi kuchongwa upya. Fauka ya hayo, bastola nyingi zinazojipakia zenyewe hutupa maganda ya risasi upande wa kulia. Kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, maganda huruka yakaenda mbali naye. Kwa mtu wa mashoto, hukatiza mbele yake.

Kisha kuna jicho. Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia hulengea jicho la kulia, na mkono, bastola na jicho huwa katika mstari mmoja. Ukibadili mkono mstari huo huvunjika. Yapasa ama ulifunze jicho la kushoto, ama ubadili namna ya kukiweka kichwa na kusimama. Hata kosa la kidole hugeuka. Mtu wa mkono wa kulia anayevuta kifyatulio kwa pupa huipeleka risasi chini kushoto, ilhali wa mkono wa kushoto huipeleka chini kulia. Mazoea yote ya kusahihisha makosa, yaliyojengwa kwa miaka, hayana budi kusomwa kinyume, kama maandishi yatazamwayo kwenye kioo.

Ni nini basi kilichobaki kwa Takács? Nionavyo mimi, kilibaki kilicho kikubwa. Alijua kupumua na kusita. Alijua kwamba kifyatulio hukamuliwa, hakidonolewi. Alijua kuyaweka macho kwenye alama za kulengea wakati nafsi yote inatamani kuutazama ubao. Alijua pia kusubiri mkono ukiwa chini bila kuanza kupiga hesabu ya nishani. Hayo hayakuwa katika vidole vilivyosagika. Mkono wa kulia ulikuwa mwanafunzi wa kwanza wa maarifa hayo, na sasa yalihitaji mwanafunzi mwingine, mzito wa kuelewa lakini asiye na mazoea mabaya ya zamani.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1939, Takács alitokea kwenye mashindano ya bastola ya taifa la Hungaria. Yasimuliwa kwamba wenzake walimwendea kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwatazama, naye akawajibu kuwa hakuja kutazama bali kushindana. Aliibuka bingwa. Mwaka huo huo alikuwa katika timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia wa bastola huko Lucerne, Uswisi. Kwa nini alijificha majira yote ya baridi? Dhana yangu ni kwamba aliihofia huruma ya watu kuliko alivyohofia kushindwa, kwani anayekuhurumia hukupunguzia kazi bila ya kukuuliza.

Na hapa niruhusiwe kuchepuka. Mimi nami nilizaliwa mtu wa mashoto. Katika darasa la kwanza mwalimu wangu mmoja alinichapa rula kwenye vifundo vya vidole kila nilipoishika penseli kwa mkono wa Mungu alionijalia. Lugha yetu yenyewe ilikuwa upande wake: mkono mmoja ni wa kulia, yaani wa kulia chakula, nao huitwa mkono wa kuume; mwingine ni wa kushoto, nao huitwa mkono wa kike, na kwa wenye fikira za zamani hilo halikuwa jina la sifa. Mwalimu yule hakuwa katili, aliamini kwamba ananisaidia. Hadi leo nakata mkate kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia, na mwandiko wangu haujapata kumfurahisha mtu yeyote. Namtaja kwa sababu alifanya kinyume cha alichofanya Takács. Aliona mkono, hakuona kile ambacho mkono ulikuwa ukijaribu kujifunza.

Turejee Hungaria. Vita Vikuu vya Pili viliifuta michezo ya mwaka 1940, kisha ya mwaka 1944. Miaka ambayo mlengaji huwa katika ubora wake ilipita hivyo. Olimpiki iliporejea, London 1948, Takács alikuwa na umri wa miaka 38. Mashindano ya shabaha yalifanyika Bisley, nje ya jiji hilo, mwezi Agosti. Aliyetarajiwa kushinda ni Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Ajentina, bingwa wa dunia. Inasimuliwa kuwa Mwajentina huyo alimwuliza Takács amefuata nini London, naye akajibu kwa upole kuwa amekuja kujifunza. Takács alipata alama 580, rekodi mpya ya dunia, na Díaz akafuatia kwa 571. Walipokutana jukwaani, mshindwa alimwambia mshindi kwamba amekwisha kujifunza vya kutosha.

Majira hayo hayo ya joto yalikuwa na jambo jingine. Siku ile ile michezo ya London ilipofunguliwa, tarehe 29 Julai, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya upinde na mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville, kwa watu 16 waliojeruhiwa uti wa mgongo vitani. Kutokana na mbegu hiyo ikaja kuota Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Takács hakuwahitaji waandalizi wa mashindano ya pekee, kwa kuwa sheria ya mchezo wake ilimdai kila mtu mkono mmoja tu, na mmoja alikuwa nao. Hakuna aliyeweza kudai kuwa alipendelewa. Wala hakuwa Mhungaria wa kwanza wa namna hiyo. Olivér Halassy, aliyepoteza mguu chini ya goti utotoni, aliogelea katika timu ya polo ya majini iliyotwaa dhahabu mwaka 1932 na 1936.

Huko Helsinki mwaka 1952 Takács alishinda tena, kwa alama 579. Alikuwa wa kwanza kuitetea dhahabu ya mchezo huo. Wa pili, akiwa na alama 578, alikuwa Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, mvulana wa miaka 17. Mwaka 1956 akaenda Melbourne, michezo ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza na ambapo Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Takács, akiwa na miaka 46, alimaliza wa nane. Nchi yake ilikuwa imevamiwa na majeshi ya Kisovieti majuma machache tu kabla ya michezo kuanza, na sidhani kama palikuwa na mkono, wa kulia au wa kushoto, ambao ungetulia vyema juma hilo. Baadaye aliwafunza wengine. Alifariki dunia tarehe 5 Januari 1976.

Mchezo wake umebadilika sana tangu hapo. Kwa kuwa bastola inaporuka baada ya kila risasi humla mtu sekunde, mafundi wa miongo iliyofuata walitoboa matundu kwenye mtutu ili moshi utokao uusukume chini, wakaongeza vyuma vya uzito, wakatumia risasi fupi zenye nguvu kidogo, na kuchonga mipini iliyouzingira mkono kama glavu. Tangu mwaka 2005 kanuni za kimataifa ziliziondoa risasi hizo fupi na mipini hiyo, zikataka kifyatulio kisichoachia kabla ya kubebeshwa gramu 1,000. Wapo walionung'unika. Mimi naona walioandika kanuni walifanya vyema, kwa maana kifyatulio chepesi mno humfurahisha fundi na kumhatarisha jirani.

Mwaka ule ule aliofariki Takács, walengaji kutoka nchi kadhaa walikutana Columbia, Missouri, Marekani, wakaunda shirikisho la ulengaji wa vitendo, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Katika mchezo huu mshindani hasimami pahali pamoja, bali hukimbia, huchutama, hulenga kutoka nyuma ya ukuta, na huruhusiwa mikono miwili. Bastola zilizorekebishwa zina daraja lao, na zilizo kama zilivyotoka kiwandani zina lao. Lakini katika usalama hakuna madaraja. Mdomo wa mtutu sharti uelekee walengwa walipo. Kidole sharti kikae nje ya upinde wa chuma uzungukao kifyatulio wakati mtu anapotembea au kuijaza bastola. Anayeiangusha bastola yake katikati ya zoezi hafokewi wala haonywi mara ya pili. Hutolewa mashindanoni papo hapo, hata akiwa bingwa, hata akiwa amesafiri nusu ya dunia kufika hapo.

Na mara kwa mara, katika mashindano hayo, mwamuzi huwasomea washindani maelezo ya zoezi linalofuata na kuwaambia kuwa risasi zote zitafyatuliwa kwa mkono dhaifu peke yake. Walengaji hutazamana na kuguna. Wengi hawakuufanyisha mazoezi mkono huo, maana hakuna aliyewalazimisha.