Félix Carvajal, mkimbiaji asiye na makuta

Kijana akitaka kuanza mbio ndefu, kwanza anauliza bei ya viatu. Félix Carvajal, mgawa barua wa kule Kuba, alizaliwa 1875. Yeye hakuwa hata na vya mbio.

Mwaka 1904 alitaka kukimbia marathoni ya Olimpiki kule Saint Louis, Marekani. Makuta ya safari hana. Basi akakimbia mbele ya watu kwao, akiomba mchango, mpaka tikiti ikapatikana. Lakini wanasimulia kwamba alipofika New Orleans, yote yaliyobaki yaliishia kwenye kamari. Hapo hatumtetei! Kutoka pale mpaka Saint Louis ni zaidi ya kilometa 900; alifika kwa miguu na kwa kuomba watu wamubebe.

Tarehe 30 Agosti akasimama kwenye mstari na suruali ndefu na viatu vya kutembelea. Mwanamichezo mwenzake akachukua makasi, akamkatia ile suruali kwenye magoti. Jua kali, vumbi ya motokari, maji haba. Inasemekana Carvajal alikuwa hajakula siku nzima na zaidi, akachuma matofaa njiani, yakamuumiza tumbo, akalala kidogo, kisha akaendelea.

Walianza 32, wakamaliza 14. Yeye akawa wa 4, na medali ni 3 tu. Kwa maoni yetu, si viatu vilivyomkosesha medali, ni sahani ya chakula. Alikufa 1949.