Kiongozi Aliyeitwa Mwoga

Mara nyingi watu huuliza kiongozi mwema ni yupi. Wachache huuliza mfuasi mwema ni yupi. Maisha ya Quintus Fabius Maximus, Mrumi aliyefariki mwaka 203 K.K., yayajibu maswali yote mawili, na ndiyo sababu leo twapenda kuyakumbusha.

Mwaka 218 K.K. Hannibal, jemadari wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, alivuka milima ya Alps akaingia Italia. Mwaka uliofuata aliliangamiza jeshi la Warumi kando ya ziwa Trasimene. Kwa hofu hiyo Warumi walimpa Fabius madaraka makuu ya vita kwa muda wa miezi sita.

Fabius alitambua kwamba Hannibal ni vigumu kushindwa uwanjani, lakini yu mbali na kwao, na kila askari anayempoteza ni shida kumpata mwingine. Basi akamwandama akikaa vilimani, akawavizia waliotoka kutafuta chakula, wala asikubali vita kuu. Malipo yake yalikuwa matusi. Aliitwa mwoga, akaitwa Mkawiaji. Hannibal naye, kwa hila, aliyateketeza mashamba ya wengine akayaacha ya Fabius, ili Warumi wamshuku. Fabius aliyauza, na kwa fedha hizo akawakomboa mateka.

Hata hivyo watu hawakutulia. Walimpa Minucius, msaidizi wake aliyekuwa akimbeza, mamlaka sawa na yake. Minucius alichukua nusu ya jeshi, akaingia mtegoni mwa Hannibal. Fabius angaliweza kukaa akamtazama akiaibika. Lakini alishuka na askari wake akamwokoa. Ndipo Minucius alipokuja mbele ya majeshi yote mawili, akamwita Fabius baba, akarudi chini ya amri yake. Kwetu sisi, siku hiyo walionekana watu wakubwa wawili: aliyeokoa bila kusimanga, na aliyekiri kosa bila kulazimishwa.

Muda wa Fabius ulipokwisha, pupa ilirudi. Mwaka 216 K.K., huko Cannae, Warumi walipoteza watu wapatao 48,000 kwa siku moja, kwa hesabu ya mwanahistoria Livius. Hapo yule aliyeitwa mwoga ndiye aliyetembea mjini kwa utulivu, akiwatia watu moyo. Na konsuli Varro aliporudi ameshindwa, wananchi hawakumpiga mawe. Walitoka kumlaki, wakamshukuru kwa kuwa hakuikatia nchi tamaa.

Hatusemi kwamba Fabius hakukosea kamwe. Mwaka 205 K.K., akiwa mzee, alimpinga Scipio aliyetaka kuvuka bahari na kuipeleka vita Afrika. Na ni Scipio aliyemshinda Hannibal huko Zama mwaka 202 K.K. Subira iliyoiokoa Roma haikutosha kuvimaliza vita.

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Cannae ni ushahidi. Lakini mkuu naye hana budi kujua wakati wa shauri lake umepita lini. Kiongozi hupimwa siku anapotukanwa kwa kutenda lililo sawa. Mfuasi hupimwa siku anapogundua kwamba aliyemtukana ndiye aliyekuwa na haki. Taifa lenye watu wa namna zote mbili laweza kushindwa vitani, lakini si rahisi kuangamia.