Alice Hamilton: Daktari aliyefichua sumu ya risasi

Daktari Alice Hamilton, aliyefariki dunia Septemba mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 101, anakumbukwa kwa kuwafumbua macho Wamarekani kuhusu sumu ya madini ya risasi.

Alizaliwa New York mwaka 1869, akakulia Fort Wayne, jimbo la Indiana, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Miaka minne baadaye alihamia Hull House mjini Chicago, kituo cha kuwahudumia wahamiaji maskini. Huko aliishi jirani na vibarua waliougua kwa sababu ya kazi zao.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimkabidhi uchunguzi wa magonjwa ya viwandani. Wenye viwanda wengi walidai kuwa wafanyakazi hujidhuru wenyewe kwa kula bila kunawa mikono. Hamilton hakuridhika. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akawatembelea wagonjwa majumbani, kisha akaingia viwandani kujionea. Alibaini kuwa sumu iliwaingia hasa kwa kuvuta vumbi na moshi. Kunawa pekee kusingetosha. Vumbi lilipaswa kuzuiwa pale linapotoka. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria ya kuwakinga wafanyakazi, na uchunguzi wake ukapanuliwa hadi kwenye matanuri ya kuyeyushia risasi katika majimbo mengine.

Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ingawa hakuruhusiwa kuandamana na wenzake katika mahafali.

Mwaka 1925 alipinga hadharani petroli kutiwa risasi. Hakusikilizwa. Marekani iliipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na matumizi yake katika magari yalikoma duniani kote mwaka 2021.

Waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni watoto, ambao risasi huwadhuru ubongo hata ikiwa kidogo.

Afrika Mashariki nayo ilipata funzo hilo kwa machungu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia, hata hivyo, haiondoi madhara yaliyokwisha kumpata mtoto. Ndiyo maana Hamilton alisisitiza kuwa kinga ianzie kiwandani.