Jensen wa Falster na Chombo Kilichopaza Sauti

Muadhini wa leo hahitaji tena kupanda mnara na kutia vidole masikioni ndipo sauti yake ivuke mapaa ya mitaa. Husimama chini mbele ya kipaza sauti, na mabomba yaliyofungwa juu yakamfanyia kazi. Wachache katika wanaoamshwa na sauti hiyo wamepata kulisikia jina la Peter Laurits Jensen, ingawa mkono wake umo ndani ya mabomba hayo hayo.

Jensen alizaliwa mwaka 1886 katika kisiwa cha Falster, nchini Denmark. Mwaka 1903 aliingia mjini Copenhagen kuwa mwanafunzi wa kazi katika karakana ya Valdemar Poulsen, mvumbuzi aliyekwisha kupata sifa kwa kunasa sauti juu ya waya wa chuma. Hapo kijana akajifunza kuirusha sauti ya mtu hewani, wakati ambapo mafundi wengi wa redio walitosheka na milio ya simu za maandishi. Mwishoni mwa mwaka 1909 alitumwa Marekani, California, kusaidia kusimamisha mitambo ya Poulsen, naye Kiingereza hakijui. Huko akakutana na Edwin Pridham, kijana aliyesomea umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford. Pridham akamfundisha lugha, na urafiki wao ukazaa ushirika.

Mwaka 1911 wawili hao walihamia katika nyumba ndogo mjini Napa wakaanza kutafuta kifaa bora cha kusikilizia simu. Walichokipata ni hiki: koili ya waya mwembamba iliyotiwa katikati ya taya za sumaku yenye nguvu. Mkondo wa umeme unaobeba sauti ukipita katika koili, sumaku huisukuma mbele na nyuma, na kiwambo kilichoshikana nayo hutikisa hewa. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Siemens wa Ujerumani alikuwa amelisajili mwaka 1874, na Oliver Lodge wa Uingereza mwaka 1898. Kwa hiyo haki ya uvumbuzi waliyoitaka hawakuipata, na watu wa simu hawakukitaka chombo chao. Mtu mwingine angefunga virago.

Lakini wao wakachukua pembe ya santuri wakaifunga kwenye kile kifaa, wakaunga kipaza sauti cha chembe za makaa pamoja na betri. Mara nyumba ikajaa mlio wa kukwaruza unaotaka kupasua masikio. Mlio huo tunaujua sote, kwani harusi gani ya kwetu isiyopigiwa filimbi hiyo! Ni sauti inayotoka kwenye spika, ikaingia tena katika kipaza sauti, ikazunguka na kuzidi nguvu. Dawa ni kuvitenga viwili hivyo, nao ndivyo walivyofanya: pembe wakaipeleka juu ya paa, kipaza sauti kikabaki ndani. Jensen akasema chini, na Pridham akamsikia akiwa umbali wa kiasi cha maili moja.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana jambo hili ndilo linalokosewa sana. Vijana hao hawakuwa na amplifaya kubwa. Walikuwa na betri na makaa tu. Kilichoifikisha sauti maili moja ni pembe. Anayeijua siwa ya Lamu hahitaji maelezo mengi: midomo ya mtu ni midogo na hewa ya nje ni pana, na mtu akipuliza hivi hivi pumzi yake hupotea. Ile pembe inayoanza nyembamba na kupanuka kidogo kidogo huikabidhi nguvu ya mdomo kwa hewa bila ya kuimwaga njiani. Spika ya kawaida isiyo na pembe hugeuza kama sehemu moja tu katika mia ya umeme inaopewa kuwa sauti. Zilizobaki huwa joto. Ya pembe iliyotengenezwa vizuri yaweza kugeuza sehemu kumi, ishirini, hata zaidi.

Tuzitazame hesabu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu yahitajika desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kisha kila masafa yanapozidi mara mbili mahali pa wazi, desibeli 6 hupotea. Sasa chukua spika ya sebuleni inayotoa desibeli 88 kwa wati moja ukiwa mita moja, na bomba la pembe linalotoa 108 kwa wati hiyo hiyo. Tofauti ya desibeli 20 ni sawa na nguvu mara mia: bomba lenye wati moja litalingana na spika ile ikiwa na wati 100. Na hizo wati 100 haziongezwi bila ya kikomo. Koili hushika moto, upinzani wa waya ukazidi na sauti ikapungua. Mwishowe koili huungua, au kiwambo kikavutwa kupita mpaka wake.

Msikiti mmoja, sitautaja, ulichangisha fedha mara mbili kununua amplifaya kubwa zaidi, na sauti haikufika popote mpya. Mabomba yalikuwa yameelekezwa ukutani.

Turudi kwa Jensen. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1915, mbele ya jumba la baraza la mji wa San Francisco, watu waliokisiwa kufika 100,000 walisikiliza hotuba na muziki kwa chombo chao. Waliita Magnavox, maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti kuu, na mwaka 1917 likawa jina la kampuni. Septemba 19, 1919, Rais Woodrow Wilson, sauti imekwisha kumchoka kwa safari ya kuutetea Ushirika wa Mataifa, alihutubia mjini San Diego umati wa watu kama 50,000 akiwa ndani ya kibanda cha vioo, pembe za Magnavox zikiwa juu yake. Siku chache baadaye mwili wake ulimshinda, akaikatiza ziara.

Pembe ina kasoro yake, nayo Jensen aliijua. Ili itoe sauti nzito, mdomo wake lazima uwe mpana mno. Ndiyo maana bomba la msikitini hulisoma neno barabara, lakini ukilipitishia msondo wa ngoma husikii ila kugongagonga. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walionyesha spika ya koo la karatasi isiyo na pembe, yenye koili ile ile ya kutembea. Hasara ya nguvu waliifidia kwa amplifaya ya taa yenye wati moja hivi, na redio za majumbani zikafuata njia hiyo.

Mwaka huo huo Jensen aliiacha Magnavox. Mwaka 1927 alianzisha kampuni yenye jina lake, ikatengeneza spika za karatasi; hizo ndizo zilizotiwa ndani ya amplifaya nyingi za magita za Fender miaka ya 1950. Kampuni hiyo nayo akaiacha katika miaka ya 1940, akafungua nyingine ya kutengeneza sindano za santuri. Mara mbili jina alilolijenga lilibaki mikononi mwa wengine.

Mfalme wa Denmark alimpa nishani mwaka 1956. Alifariki mwaka 1961, na kumbukumbu alizoziandika za maisha yake zilichapishwa mwaka 1975.