Mtakatifu Inyasi, Mwanachuo wa Paris

Kila mwaka familia nyingi za Kikatoliki huwasindikiza vijana wao waendao chuo kikuu, wengine Mwanza, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Ada imepatikana kwa taabu, baraka ya wazazi imetolewa. Lakini kuandikishwa chuoni ni kazi ya siku moja. Kuwa mwanachuo kweli huchukua miezi, pengine miaka. Kwa ajili ya vijana hao na wazazi wao, twaona yafaa kusimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, hasa ile miaka saba aliyokuwa mwanafunzi mjini Paris.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya kikabaila huko Loyola, kaskazini mwa Hispania. Alilelewa katika desturi za wakuu na silaha, hata mwaka 1521 akavunjwa mguu na mzinga katika mapigano ya Pamplona. Akiwa kitandani alisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, moyo wake ukageuka. Akatamani kuwasaidia watu katika mambo ya roho, na mara akatambua ya kuwa bila elimu hatafika mbali. Basi, mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, akaketi na watoto huko Barcelona kujifunza Kilatini. Kisha akaenda Alcalá na Salamanca. Huko alishika masomo mengi kwa pupa, akapata faida haba. Tena alitiwa kifungoni katika miji yote miwili kwa kuwa alifundisha mambo ya dini naye hajasoma teolojia, ijapokuwa mafundisho yake hayakuonekana kuwa na kosa.

Tarehe 2 Februari 1528 aliingia Paris, peke yake, kwa miguu. Mwingine angalijivuna kuwa amekwisha kupita vyuo viwili vikuu. Inyasi alipima elimu yake, akaona msingi haukujengwa vema. Akarudi tena kwenye Kilatini, katika Koleji ya Montaigu, akiketi kati ya wavulana ambao angaliweza kuwazaa.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa fedha. Alikuwa amepewa eskudo 25, naye akamkabidhi Mhispania mwenzake wa nyumba moja amtunzie. Yule akazitumia zote, asiweze kulipa. Inyasi akalazimika kuiacha nyumba ile, akalala katika hifadhi ya maskini ya Mtakatifu Yakobo na kuomba chakula mitaani. Hifadhi hiyo ilikuwa mbali na koleji. Milango yake ilifunguliwa kulipokucha, ambapo vipindi vya Montaigu vilianza alfajiri. Tena ilifungwa kengele ya jioni ilipolia. Hivyo kila siku alipoteza sehemu ya masomo yake. Alitafuta mwalimu wa kumtumikia ili apate riziki, asimpate. Mwishowe mtawa mmoja alimshauri aende kila mwaka kwa wafanyabiashara wa Kihispania huko Flanders, aombe msaada wa kumtosha mwaka mzima. Akafanya hivyo, na mwaka mmoja alivuka hata Uingereza. Majuma machache ya kuomba yakampa miezi mingi ya kusoma kwa utulivu.

Na yule aliyezila fedha zake? Habari zilikuja kwamba yu mgonjwa mjini Rouen. Inyasi akaenda kwake miguu mitupu, bila kula wala kunywa, akawasili siku ya tatu. Akamfariji na kumsaidia kupata meli ya kurudi kwao. Hakuliacha deni lile limtie uchungu moyoni.

Mwaka 1529 alihamia Koleji ya Sainte-Barbe kusoma falsafa. Chumba chake alishirikiana na vijana wawili: Petro Faber wa Savoy, aliyekuwa amechunga kondoo utotoni, na Fransisko Ksaveri wa Navarra, kijana wa ukoo bora mwenye kutafuta heshima ya dunia. Wote wawili walizaliwa mwaka 1506. Mwalimu wao alimwagiza Faber amrudishie Inyasi masomo ya kila siku. Mtu wa makamo akakubali kufundishwa na kijana. Naye kijana aliyesumbuliwa na mashaka ya dhamiri akapata kwake mwongozo wa roho. Wakala meza moja, wakatumia mfuko mmoja.

Likazuka jaribu lililovaa sura ya wema. Kila Inyasi alipoketi kusikiliza mwalimu, mawazo matamu ya ibada yalimjaa kichwani, asiweze kufuata somo. Jambo hilo lilikuwa limempata Barcelona pia. Alilichunguza, akaona ya kuwa faraja ije wakati wa sala, na wakati wa somo ni wa somo. Akamwendea mwalimu, akaahidi kutokosa kipindi hata kimoja maadamu anapata mkate na maji. Baada ya hapo mawazo yale yakamwachia, akasoma kwa amani. Mwaka 1535 akapata shahada ya uzamili, naye amekwisha kupita miaka 40.

Lakini tunda kubwa lilitoka chumbani. Tarehe 15 Agosti 1534, katika kikanisa cha kilima cha Montmartre, wanafunzi saba waliweka nadhiri mbele ya Mungu. Faber, aliyekuwa padre peke yake kati yao, ndiye aliyesoma Misa. Mwaka 1540 Papa Paulo III alithibitisha Shirika la Yesu. Ksaveri, aliyechelewa kuvutwa, alisafiri kwenda India, na mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, katika pwani yetu. Inyasi alifariki Roma tarehe 31 Julai 1556. Yeye na Ksaveri walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 1622, naye Faber mwaka 2013.

Kijana aingiaye chuoni ataona upungufu wa fedha, masomo yatakayomwaibisha, na mwenzake wa chumba asiyemchagua. Asione haya kurudi nyuma ajenge msingi, wala kumwomba msaada aliye mdogo kwake. Kila jambo alipe saa yake, sala kwa saa ya sala na kitabu kwa saa ya kitabu. Nanyi wazazi, mwandikapo barua au kupiga simu, msiulize habari za mitihani tu. Ulizeni pia anaishi na nani chumbani.