James Holman: Asiyeona aliyeizunguka dunia

Waswahili husema tembea uone. Na asiyeona je, atembee kwa nini? Kabla hujajibu, mfahamu Mwingereza mmoja aitwaye James Holman. Aliaga dunia mwaka 1857 akiwa amekanyaga kila bara lenye wakazi, na sehemu kubwa ya safari hizo alizifanya akiwa haoni hata mwanga.

Holman alizaliwa Oktoba 15, 1786 katika mji wa Exeter. Akiwa na umri wa miaka 12 tu alijiunga na jeshi la wanamaji, na mwaka 1807 akapanda cheo na kuwa luteni. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri hadi ugonjwa ulipomshika viungo. Maumivu yalikuwa makali, kisha yakafuata macho. Alipofika miaka 25 alikuwa haoni kabisa.

Sasa jiweke katika nafasi yake. Hakuna simu ya kukusomea ujumbe. Maandishi ya Braille hayapo, maana Louis Braille mwenyewe bado ni mtoto mdogo kule Ufaransa. Hata fimbo nyeupe unayoijua leo ilikuja karne ya 20. Wengi waliopoteza uwezo wa kuona enzi hizo waliishia kufungiwa nyumbani au kuombaomba barabarani.

Holman alikuwa na bahati kiasi. Mwaka 1812 alipewa makao huko Windsor pamoja na maafisa wengine wa majini waliostaafu. Chumba kipo, posho ndogo ipo. Sharti ni kuhudhuria ibada kanisani mara mbili kwa siku, kila siku. Kwa wengine hayo yangekuwa maisha ya raha, lakini Holman aliyaona kama kifungo na afya yake ikazidi kuzorota. Akaomba ruhusa ya kuondoka kwa sababu za kiafya, akaipata, na tangu hapo kila alipofunga safari afya ilirudi.

Mwaka 1819 alivuka bahari hadi Ufaransa peke yake, Kifaransa hajui. Alizuru Italia, Uswisi, Ujerumani na Uholanzi, na kwa muda alisafiri na rafiki aliyekuwa kiziwi. Hebu fikiria: mmoja anaona, mwingine anasikia, na safari inasonga. Mwaka 1821 alipanda mlima wa volkano wa Vesuvius wakati ukitoa moto.

Aliwezaje? Alikuwa na fimbo yenye ncha ya chuma. Aliigonga chini na kusikiliza jinsi sauti inavyorudi, hivyo akajua kama mbele kuna ukuta, mlango au uwazi. Alipochoka kukaa garini alijifunga kamba kwenye gari la farasi na kutembea nyuma yake. Kuandika alitumia kifaa kiitwacho noktografu: fremu yenye nyaya za kuongoza mkono usipotoke mstari, na karatasi yenye rangi inayoacha alama unapoikandamiza kwa kijiti. Na juu ya yote, aliuliza. Aliuliza bei, njia, majina ya miti na desturi za watu. Kuuliza si ujinga, na kwake ndiyo yalikuwa macho.

Mwaka 1822 alitaka kuizunguka dunia kupitia Urusi. Alifika Irkutsk, huko Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Moscow. Hapo mfalme wa Urusi akamshuku kuwa jasusi. Kwani kipofu anatafuta nini huko? Akakamatwa na kurudishwa kwa nguvu hadi mpaka wa Poland. Hakukata tamaa. Kati ya 1827 na 1832 aliizunguka dunia kweli, akipitia kisiwa cha Fernando Po, Brazil, Ceylon, China na Australia, kisha akachapisha vitabu vinne kuhusu safari hiyo. Charles Darwin mwenyewe aliyataja maandishi yake.

Hata hivyo kuna waliombeza. Walisema asiyeona hawezi kueleza nchi. Jibu lake lilikuwa kwamba mwenye macho hutupa jicho mara moja na kupita, ilhali yeye hulazimika kuchunguza hadi aelewe.

Umeona kilichomkwamisha? Milima haikumshinda, baridi ya Siberia haikumshinda. Waliomsimamisha ni watu walioamua kwa niaba yake kwamba mahali fulani hapamfai.

Na hapo ndipo wewe unapoingia. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kiwango kinachofaa. Lakini haki hiyo inaishia wapi bodaboda zikiegeshwa juu ya njia ya waendao kwa miguu? Au makanga akikataa kumtajia abiria steji yake?

Ukikutana na mwenye fimbo nyeupe, msalimie kwanza, jitambulishe, kisha umuulize kama anahitaji msaada. Akisema hapana, sawa. Akikubali, usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, ndipo mtembee. Mtajie matatu inakoelekea na nauli ni ngapi. Usimuulize mwenzake anakokwenda, muulize yeye.

Kila Oktoba 15 dunia huadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe. Imesadifu kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Holman. Usingoje tarehe hiyo, lakini. Kesho asubuhi ukiwa steji, anza na salamu.